Chumvi kwenye waya

Pikipiki ile niliinunua mkononi kwa mtu mwaka 2012, kiangazi kimekolea na barabara ya Mwandiga, hapa Kigoma, ni vumbi tupu. Kwa miezi ya mwanzo haikunipa shida yoyote. Stata ukiigusa tu, injini imeitika. Asubuhi nawapeleka kina mama wa dagaa Kibirizi, mchana nakaa kijiweni Mwanga, jioni abiria wa Ujiji.

Mvua zilipoanza ndipo ikaonyesha rangi yake. Asubuhi ya manyunyu nabonyeza stata, inalia "tik" halafu kimya. Honi inakoroma. Indiketa ikiwaka haizimi, ikizima haiwaki. Jua likichomoza, kufika saa tano hivi, kila kitu kimerudi mahali pake, na ukimpelekea fundi saa hiyo anakuona mzushi.

Fundi wangu wa mwanzo aliniuzia betri. Iliposhindwa, akaniuzia rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini ili uchaji betri. Kisha akafungua soketi zote za kuungia waya chini ya siti, akazimwagia petroli, akazipuliza kwa kompresa na kuzifunga. Kwa macho zilitakata. Mvua iliyofuata, tik. Nilipomwona ameanza kuipima sidiai, kifaa cha cheche za injini, kwa jicho la biashara, nikamuaga na kuisukuma pikipiki yangu hadi kijiweni.

Mama mmoja abiria wangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Ujiji, fundi redio. Pikipiki hajui hata kuiendesha. Nilimkuta kibarazani, miwani imefungwa kwa uzi, mbele yake redio ya mtu imelala kifudifudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekufa au inaumwa?"

Nikamweleza yote. Akaniuliza kitu kimoja tu: ukipiga kiki inawaka? Nikamwambia inawaka, hata asubuhi ya mvua.

"Basi injini ina umeme wake, haina habari na betri. Njaa iko kwa betri. Washa."

Akatoa mita yake, ile ya mshale, kioo kimepasuka kona. Akagusa waya mwekundu pale unapotoka kwenye rektifaya: volti 14 na kidogo. Akahamia kwenye vichwa vya betri: 12. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona fundi pikipiki akilifanya. Aliweka ncha moja ya mita upande huu wa soketi ya rektifaya na ncha ya pili upande wa pili, injini ikiwa inanguruma. Mshale ukapanda na kusimama kwenye 2.

"Hapa panatakiwa pasome karibu na sifuri," akasema. "Volti mbili zako zinaliwa hapa. Shika."

Nikashika. Soketi ilikuwa ya moto.

Aliifungua taratibu kwa bisibisi nyembamba. Plastiki ilikuwa imegeuka kahawia upande wa waya mwekundu. Pini ya waya wa kijani, ule wa ethi (hasi), ilikuwa na madoa tu, lakini ya mwekundu ilikuwa imeliwa ikabaki nusu, imezungukwa na unga wa kijani mbichi. Mzee akachukua unga mwingine, mweupe, uliokuwa umeganda pembeni, akaupaka kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi hii. Ulikuwa unabeba nini?"

Mimi nilibeba watu tu. Nikampigia simu aliyeniuzia. Akacheka kwanza, halafu akasema kabla hajaileta mjini alikuwa akisambaza chumvi vijijini huko Uvinza, viroba nyuma ya siti, msimu mzima. Hilo la viroba hakulitaja siku ya kuhesabu hela, na sikushangaa. Nani angelitaja?

Sasa mambo yakaeleweka. Kila mtu wa Kigoma anajua chumvi ya kupikia ukiiacha wazi wakati wa mvua inalowa yenyewe. Hii ya kwenye soketi ilikuwa ikilowa vivyo hivyo kila asubuhi, na shaba yenye umeme wa chanya ikikaa kwenye majimaji ya chumvi ndiyo inayotangulia kuliwa. Kiangazi ilikuwa imelala tu. Na petroli ya yule fundi? Mzee alinitazama juu ya miwani. Petroli inatoa grisi na uchafu, chumvi haiiyeyushi. Chumvi dawa yake maji.

Akatoa betri kwanza, akaagiza maji ya moto kidogo ndani. Soketi zote zikasuguliwa kwa mswaki na maji, zikaanikwa juani, ndipo akazipitishia spiriti. Pini zenye ukijani mwepesi alizipaka ndimu, akazisuuza tena haraka, maana asidi ya ndimu ukiiacha nayo inakula. Ile soketi ya rektifaya aliitupa. Alipokata waya mwekundu, ndani ya ganda shaba ilikuwa nyeusi. Akakata tena, nyeusi. Akaendelea kurudi nyuma mpaka zikatokea nyuzi zinazong'aa, akaunga kipande kipya, akalehemu kwa risasi na kuvisha mpira. Soketi zilizobaki tukazipaka mafuta ya mgando kabla ya kuzifunga. Nilimuuliza kama mafuta hayatazuia umeme. Akasema pini zikikazana vizuri zinayasukuma pembeni zenyewe, yanabaki kuziba njia ya maji.

Tukawasha. Vichwa vya betri, 14.

Kiungo cha taa ya breki kilikuwa bado. Mzee akanisukumia mkasi na waya, akarudi kwenye redio yake. Nikakata, nikamenya, nikasokota, nikamwonyesha. Akakivuta kidogo, kikachomoka mkononi mwake.

"Anza upya," akasema, "na kwanza zima hiyo injini, unanimalizia hewa."