Sharubu na beseni lake

Sharubu alifika nyumbani ndani ya boksi la viatu, umri wake wiki nane, na usiku uleule akaliendea beseni la mchanga bila kuonyeshwa na mtu. Akanusa, akaparua mara mbili tatu, akachuchumaa huku macho ameyakaza ukutani kama mtu anayepiga hesabu ya madeni, akamaliza, akafukia. Nilijisifu kweli. Nikawatangazia watu kwamba kumzoesha paka choo ni kazi ya siku moja. Alfajiri ya siku ya nne nikashuka kitandani pekupeku, mguu ukatua kwenye zulia lililolowa.

Aliyewahi kunusa mkojo wa paka hahitaji kuelezwa, na asiyewahi namwombea abaki hivyohivyo.

Nikafanya nilichokuwa nikiona kikifanywa tangu utotoni: nikamkamata, nikamsugua pua palepale, nikamfokea. Katika yote niliyoyakosea, hili ndilo linalonisuta mpaka leo. Paka haunganishi kelele za sasa na mkojo wa saa mbili zilizopita. Anachojifunza ni kukuogopa wewe. Sharubu hakuacha mchezo wake, aliacha tu kuufanya hadharani. Baada ya siku chache nikasogeza kochi na kukuta huko nyuma ana choo kamili, na cha siku nyingi.

Nikahamia kwenye usafi, nako nikaharibu. Zulia nililisugua kwa dawa kali yenye amonia, chumba kikanukia vizuri, kesho yake akarudi palepale. Kumbe mkojo ukichacha nao hutoa amonia, kwa hiyo kwa pua ya paka ni kama nilikuwa nimebandika kibao cha choo. Safari nyingine nikamwaga dawa ya klorini moja kwa moja juu ya mkojo. Macho yakawasha, kifua kikabana, nikakimbilia dirishani. Klorini na amonia zikikutana hutoa hewa ya sumu, na maandishi ya kuonya yalikuwa pale pale kwenye chupa ambayo sikuisoma. Kilichofaa mwishowe ni kufyonza unyevu wote kwa vitambaa vikavu, kusuuza kwa maji baridi, kisha kutia dawa yenye vimeng'enya, ile inayovunjavunja asidi ya yuriki iliyomo kwenye mkojo, na kuiacha ikauke yenyewe. Sabuni ya kawaida huondoa harufu tunayoisikia sisi. Paka bado anaisikia.

Lakini zulia safi halikujibu swali lenyewe. Huyu kiumbe siku ya kwanza alijua choo, sasa kulikoni? Paka haanzi kufundishwa kufukia na mimi wala wewe. Wiki za mwanzo mama humlamba ndipo ajisaidie. Akifika wiki ya tatu au ya nne hivi, mwenyewe huanza kutafuta udongo uliolegea. Sharubu alikuja ana ujuzi wote. Basi nikaacha kumfundisha, nikakaa chini kumtazama.

Jioni moja nikamwona. Alilikaribia beseni taratibu, akaingiza mguu mmoja wa mbele, akautoa na kuukung'uta kama aliyekanyaga matope. Akajaribu tena. Halafu akapanda ukingoni, miguu yote minne juu ya ule ukingo mwembamba wa plastiki, mgongo umepinda kama upinde, anayumba, akajisaidia hivyohivyo ili tu asiguse mchanga. Hakufukia. Alishuka akaparua ukuta mara mbili, akakimbia.

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Baada ya siku mbili za mwanzo nilikuwa nimeubadilisha mchanga wote kwa mkupuo mmoja, nikaleta wenye marashi na punje kubwa, kwa sababu mimi niliipenda ile harufu. Nilikuwa pia nimeweka kifuniko juu ya beseni ili wageni wasione. Ndani ya kifuniko harufu yote hubaki na mwenye choo, na mlango ni mmoja, hakuna pa kutorokea. Juu ya hayo, beseni lilikaa kando ya mashine ya kufulia. Nikakumbuka kwamba siku ya tatu mashine ilianza kukamua nguo yeye akiwa ndani, akaruka kama risasi. Zulia, ukilitazama kwa jicho lake, lilikuwa laini, kimya na halinuki marashi.

Kwa siku kumi nikamhamishia chumba kimoja: kitanda chake na chakula pembe hii, beseni pembe ile, maana paka hapendi kula karibu na choo. Kifuniko nikakitoa. Mchanga nikarudia ule wa mwanzo, wa punje laini usio na harufu, nikaujaza kina cha kama sentimita 5. Mwanzoni nilikuwa namwaga kama wa kujengea nyumba, naye alikuwa anazama. Punje chache zilizolowa mkojo wake nikaziacha makusudi ili pua imwambie. Kila alipoamka, alipomaliza kula, na baada ya kucheza, nilimbeba nikamweka pale nikasimama mbali. Kuna wanaoshauri umshike miguu ya mbele umparuzie mchanga. Nilijaribu mara moja, akaniachia alama tatu mkononi.

Siku ya sita sikuokota ajali hata moja. Siku ya kumi nikafungua mlango, na beseni nikaanza kulisogeza kuelekea mahali pake pa kudumu, hatua mbili tatu kwa siku, wala si kulibeba mara moja. La pili nikaliweka upande mwingine wa nyumba. Hesabu ya mabeseni ni idadi ya paka ukiongeza moja, na niliidharau hesabu hiyo mpaka nilipoona anaigawa kazi: hili la mkojo, lile la haja kubwa. Alipokua nikabadilisha yote mawili, kwani beseni linapaswa kuwa refu mara moja na nusu ya mwili wake, mkia usihesabiwe.

Usafi ni asubuhi na jioni, kwa kijiko chenye matundu. Dada yangu alipokuja kukaa nasi akiwa mjamzito, jambo la kwanza alilosema ni, "Huyo paka anabaki au ninabaki mimi?" Alikuwa amesikia habari za kimelea cha kwenye kinyesi cha paka kiitwacho Toxoplasma gondii, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na hofu yake haikuwa ya bure. Ila kimelea hicho kikitoka kwenye kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo kiweze kuambukiza, na kinyesi kinachoondolewa kila siku hakifiki huko. Daktari wake alimwambia asiguse beseni, mwingine alisafishe. Mwingine huyo ni nani, unamjua.

Paka akiwa na mwaka mmoja na ushee, tayari amehasiwa, akaanza tena. Anaingia kwenye beseni, anachuchumaa muda mrefu, anatoka, anarudi, analia kidogo, matone mawili tu, mengine sakafuni. Nilidhani ukaidi umerudi. Nashukuru nilimpeleka kwa daktari wa mifugo siku ileile. Kibofu kilikuwa kimevimba kwa ndani, njia ilikuwa haijaziba. Kwa paka dume njia ya mkojo ni nyembamba, na ikiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Akapewa dawa, nami nikaambiwa anywe maji zaidi na chakula chake kiwe chenye majimaji. Tangu hapo paka akikosea choo, kabla sijalaumu beseni wala tabia, nauliza kwanza kama anaumwa.

Mchanga bado anautawanya. Naupata ndani ya viatu, na mara moja niliupata kwenye mto wa kulalia. Mara moja kwa mwezi namwaga wote, naosha mabeseni kwa maji moto na sabuni isiyonukia, nayakausha, namimina mchanga mpya na kuulainisha kwa kiganja uwe sawasawa. Muda wote huo Sharubu amekaa mlangoni ananikodolea macho. Nikimaliza tu, kabla hata sijanyanyuka, anapita katikati ya mikono yangu, anapanda, na kuanza kufukua.