Ufa kwenye beseni la kuogea

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini kila nilipokanyaga pale, beseni lilibonyea. Hapo ndipo penye ugonjwa! Ukiziba juu tu, ufa utarudi. Kwa hiyo nilianza chini: nikatoboa tundu, nikapuliza povu la kujaza uwazi ulio chini ya beseni, lile lisilovimba sana, nikaliacha likauke. Kisha vitundu vya milimita 3 kwenye ncha zote mbili za ufa, ili usizidi kutambaa. Halafu juu ya ufa: msasa namba 80, asetoni ya kusafishia, kitambaa cha faibaglasi (nyuzi za kioo), na juu yake resini, yaani gundi ya majimaji, iliyochanganywa na kigumishi ili igande. Tafadhali fungueni madirisha, harufu yake ni kali mno. Baada ya saa 24 nikalainisha, nikapaka rangi ya epoksi. Leo nimesimama palepale. Hapabonyei.