Vitufe Vitatu vya Amplifaya ya Valvu
Kwa miezi mingi hapa Kigoma nilikuwa nikifungua besi (sauti nzito) na trebo (sauti kali za juu) za amplifaya yangu hadi mwisho na kushusha sauti ya kati, kisha nikishangaa kwa nini gitaa langu la solo linavuma vizuri nikiwa peke yangu chumbani lakini linamezwa mara tu ngoma zinapoanza. Jana, valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) zilipokwisha kupata moto, nilishusha vitufe vyote vitatu hadi sifuri, na gitaa likakaribia kunyamaza kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba saketi hii ya vitufe, ya mtindo wa Fender (kampuni ya gitaa na amplifaya), haiongezi sauti yoyote, hupunguza tu, na kwamba ukigusa trebo umegusa na besi. Sasa naanza na kati 7, trebo 5, besi 3. Jirani, mvumilivu kuliko mimi, alibisha hodi mara moja tu.