Nilivyotoka kwenye kamera ya harusi mpaka video za wasanii, hapa hapa Mtwara

Mimi nilianzia kwenye harusi. Huku kusini hela ya korosho ikishaanza kutoka ni shughuli juu ya shughuli, kila wikiendi uko chini ya turubai na kamera begani, mara shangazi mtu anakuvuta shati, "baba, hujatupiga sisi wa upande huu". Siidharau harusi lakini, imenifundisha kuwahi, maana bibi harusi haingii ukumbini mara ya pili eti kisa wewe fokasi imekukimbia.

Sasa kuna dogo wa mtaani kwetu Chikongola anaimba bongofleva, akaja na 80,000 yake, "bro nitoe na mimi". Tukaenda Mikindani, tukashuti kwenye magofu na jirani na lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895, saa saba mchana, jua la utosi, macho ya dogo yote kivuli. Na mimi nikajifanya nataka slomo, ule mwendo wa polepole, kama za wakubwa, nikaweka fremu 50 kwa sekunde, yaani picha 50 kila sekunde, dogo akaimba kama kawaida. Kufika nyumbani naipunguza mwendo, picha tamu, ila mdomo bado uko beti la kwanza sauti ishafika kiitikio. Dogo alinuna wiki mbili, na alikuwa na haki.

Nikamtafuta kaka mmoja wa Dar wasapu, alicheka kwanza. Akaniambia ukishuti fremu 50 ukaja kuicheza kwa 25 kila kitu kinaenda nusu ya mwendo, na mdomo pia, kwa hiyo wimbo uharakishe mara mbili ndo uupige kwenye spika, msanii aimbe kwa spidi hiyo hiyo, ukipunguza picha mdomo unarudi sawa na wimbo wenyewe, kinachoelea ni nguo na mawimbi. Nilikaa kimya kama dakika nzima, kitu chepesi hivyo!

Akanitonya na shata pia, ule muda kamera inaoruhusu mwanga uingie kwa kila fremu. Mikindani nilipandisha mpaka 1/2000 ya sekunde sababu mwanga mwingi, ndo maana dogo alikuwa anatembea kama anakatwakatwa. Kwa fremu 50 shata ikae 1/100, mwanga uliozidi unaupunguza kwa filta ya ND mbele ya lenzi, ile ni kama miwani ya jua tu. Nikauza simu yangu ya pili nikainunua.

Tukarudia bure, Msimbati safari hii, tumetoka mjini usiku wa manane na boda mbili. Huku kwetu jua linachomoza baharini, jioni linazama nyuma ya minazi, kwa hiyo anayetaka jua na bahari pamoja aamke tu hana ujanja. Mwanga ule laini haukai, nusu saa nyingi. Nikamweka dogo jua limpige ubavuni, mpwa wangu kashika shuka jeupe upande wa pili kumrudishia mwanga usoni, ngozi nyeusi ikang'aa bila uso kuungua. Spika inalia kama katuni, dogo anaimba anakosa pumzi, watoto wa wavuvi wanagaragara kwa kicheko. Tulirudia mara 9, katikati kila saa nafuta chumvi kwenye lenzi.

Mdomo ulikaa. Dogo akaleta wenzake wawili, wa kwanza nikamtajia 250,000 nikijua atakimbia, akalipa. Harusi sijaacha, korosho ikiuzwa tu simu zinaanza.