Mjomba kabonyeza, hakuona kitu

Jumapili usiku, Mtwara. Jirani kashinda uani akichoma korosho, na moshi wa maganda bado unaniwasha macho. Dirisha nalo silifungi kwa joto hili. Nimemaliza kazi iliyonila siku tatu, nayo ilikuwa ni linki tisa tu.

Chama cha msingi cha Mjomba, kule Tandahimba, kiliniomba ukurasa mmoja wa mtandaoni wa kuwaelekeza wakulima wa korosho kabla minada haijaanza: kujiandikisha pembejeo, kupuliza salfa (dawa ya mikorosho), kukausha, madaraja, stakabadhi ghalani (unaweka mzigo ghalani, unapewa risiti, unasubiri uuzwe), mnada, malipo benki na mengineyo. Sehemu tisa. Stakabadhi peke yake ilikuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi, maana mfumo tunao tangu 2007 na bado kila msimu kuna anayeuliza kwa nini hela haitoki siku ileile aliyopima mzigo. Ukurasa mzima ukimwagwa kwenye simu, mtu atasukuma kidole mpaka kiote sugu. Nikaamua kuzikunja sehemu zote.

HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandaoni, ina tagi ya kazi hiyo, details. Ndani yake unaweka summary, yaani kichwa kinachobaki nje. Ukikigusa, maelezo yanakunjuka. Ukikigusa tena, yanajikunja. JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa amri, haihitajiki hata mstari mmoja. Juu nikapanga menyu, kila jina ni linki yenye alama ya reli: #madaraja, #malipo, na kadhalika. Ukurasa ukawa mfupi, msafi, nikautazama kama mtu anavyotazama shati jipya.

Ijumaa nikamtumia Mjomba linki ya #malipo, kwa kuwa ndiyo habari aliyokuwa ananisumbua nayo. Haikupita dakika tano, simu ikaita.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, Mjomba. Mbona umenitumia karatasi tupu?” (Kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina hilohilo. Mgeni akitusikiliza hajui nani mkubwa, mpaka asikie shikamoo inatoka wapi.)

“Maelezo yapo, Mjomba. Bonyeza palipoandikwa Malipo.”

“Nimebonyeza huko kwenye orodha yako. Imeruka, imesimama. Neno Malipo nimeliona. Malipo yenyewe yako wapi?”

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Linki ilikuwa imefanya ilichoagizwa: kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kinatafuta kitu chenye id (kitambulisho) ya jina lile, kinasogeza ukurasa mpaka hapo, basi. Kinakufikisha mlangoni, hodi unapiga mwenyewe. Sisi tuliozoea tunakiona kile kipembetatu pembeni ya kichwa tunajua kuna kitu ndani. Yeye aliona kichwa kisicho na mwili.

Kosa la kwanza nililigundua usiku uleule. Kanuni za HTML siku hizi zinataka kivinjari kikunjue chenyewe kama kitu kinachotafutwa kimo ndani ya sehemu iliyokunjwa; Chrome inafanya hivyo tangu 2022. Mimi id nilikuwa nimeibandika kwenye details yenyewe, na details haimo ndani ya tumbo lake. Nikaihamishia kwenye aya ya kwanza iliyomo ndani. Kwangu ikafunguka vizuri. Kwa Mjomba, wapi! Simu yake ya siku nyingi, na kusasisha hataki, anasema kunakula bando. Siwezi kumlaumu, bando ni lake.

Jumamosi nikaandika skripti fupi. Inasoma location.hash (kipande cha anwani kinachoanzia alama ya reli), inatafuta kitu chenye id hiyo, inapanda kwa closest mpaka kwenye details inayokizunguka, inaiwekea open ili ikunjuke, halafu ndiyo inaita scrollIntoView kuusogeza ukurasa hapo. Mpangilio huo usiugeuze: kilichokunjwa hakina mahali pa kusogelewa. Yote haya yafanyike ukurasa ukifunguka, na tena kila tukio la hashchange, yaani kipande kile cha anwani kinapobadilika.

Mjomba akajaribu, akasoma malipo yake, akashukuru. Kisha akaikunja ile sehemu kwa mkono wake, akapanda juu, akabonyeza Malipo tena. Kimya.

Hapa ndipo nilipokesha. Msimbo nimeusoma mara ishirini, hauna kosa. Kumbe anwani ilikuwa tayari inaishia na #malipo. Ukibonyeza linki ileile hakuna kilichobadilika, na hashchange haina cha kutangaza. Ikabidi nisikilize click za menyu vilevile. Mistari mitatu. Na kwa kuwa menyu nilikuwa nimeigandisha juu ya skrini, ikawa inafunika kichwa cha kila sehemu inayofunguka, mpaka nilipoweka scroll-margin-top, inayoacha nafasi juu.

Kuna urembo mmoja nimeuondoa. Details zote ukizipa name moja, ikifunguka hii ile nyingine inajifunga. Inapendeza machoni. Ila mkulima anataka kulinganisha madaraja na malipo, wewe unamfungia la kwanza akigusa la pili! Tena sehemu ndefu ya juu ikijifunga, maandishi aliyokuwa anayafuata yanapaa, anabaki kuyatafuta. Urembo huo ulikuwa wa kunifurahisha mimi.

Nikadhani nimemaliza. Leo mchana simu ya Mjomba tena. Katibu wa chama kaenda kuuchapisha ukurasa ili aubandike kwenye mbao za matangazo ghalani, kwa ajili ya wasio na simu. Karatasi imetoka na vichwa tisa vya habari, chini yake hakuna kitu.

“Mjomba,” akaniambia, sauti taratibu kabisa, “sasa hii ni karatasi tupu ya kweli.”

Kilichokunjwa kwenye skrini hutoka kimekunjwa hata kwenye karatasi. Nimeongeza skripti ya beforeprint inayokunjua zote kabla ya kuchapa, na afterprint inayozirudisha zilivyokuwa. Halafu, kwa kuwa siiamini tena kompyuta ya stesheneri yoyote, nimechapa mwenyewe kurasa sita, nikazitia bahasha. Kesho alfajiri namkabidhi kondakta wa basi la Tandahimba.