Maili za marehemu ni za nani?

Mtoto wa ami yangu alifariki Marekani, alikoishi na kufanya kazi kwa miaka mingi, akaacha mjane, watoto watatu na mama yake mzazi aliyeko Kikwajuni, Zanzibar. Deni la kadi yake ya mkopo halikututatiza, kwa kuwa kila mtu kwetu anajua kwamba tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu, haigawiwi mpaka gharama za mazishi zitolewe, madeni yalipwe na wasia utekelezwe, na siku ya khitma ilishatangazwa, kama ilivyo ada, kwamba anayemdai marehemu awaendee jamaa zake. Kilichotuweka kitako ni kitu ambacho hakuna aliyefikiria kukitangaza. Katika akaunti yake ya shirika la ndege, iliyokuwa ikijazwa kila alipolipa kwa kadi ile, mlikuwamo maili 96,000, yaani pointi za kukatia tiketi, na mjane wake alipiga simu kuuliza kama nazo ni mirathi.

Ukiyauliza makampuni yenye mipango hii ya zawadi, jibu lao la kwanza ni kwamba pointi na maili si mali ya mwenye kadi hata anapokuwa hai. Ni ahadi ya kampuni, yenye masharti ambayo kampuni yenyewe ndiyo iliyoyaandika. American Airlines, ambayo mpango wake wa AAdvantage ulianza mwaka 1981, inasema kwamba maili hazihamishiki kwa kifo, kisha inaacha mlango wazi kidogo: inaweza, kwa hiari yake, kumwekea maili hizo mtu aliyetajwa waziwazi katika wasia, baada ya kupokea hati zinazoiridhisha na ada ikiwa ipo. Delta, shirika jingine la ndege, iliufunga mlango huo mwaka 2013. American Express, kampuni ya kadi, kwa upande wake huwaruhusu wasimamizi wa mirathi kuomba pointi za marehemu zitumiwe. Kwa hiyo watu wawili waliotumia fedha sawasawa wanaweza kufa siku moja, mmoja akaacha kitu na mwengine asiache, kwa sababu tu ya aina ya kadi iliyokuwamo mfukoni. Marejesho ya fedha, ambayo kadi nyengine hutoa badala ya pointi, ni jambo jepesi zaidi: yakishaingizwa katika hesabu ya kadi huwa yamekwisha kupunguza deni, na hapo hapana mjadala.

Tulichomshauri mjane kwanza ni kwamba asiifunge kadi kabla ya kuuliza habari za pointi, kwa maana kadi nyingi zikifungwa pointi nazo hupotea. Yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi, na hati za kifo na za usimamizi wa mirathi zitafuatiliwa na kijana wake mkubwa, lakini simu ya kuuliza haimtoi ndani. La pili lilikuwa zito zaidi kulisema. Neno la siri la marehemu analijua, na wapo waliomwambia aingie tu, akate tiketi, amalize. Mimi sikuafiki. Masharti yanakataza, kampuni ikigundua inaweza kuzifuta tiketi hizo, na zaidi ya yote, mtu mmoja anakuwa amekula kitu kabla haijajulikana kwamba ni cha wangapi.

Katika fiqhi, sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tuna pa kuanzia, kwa kuwa manfaa, yaani faida ya kukitumia kitu, huhesabiwa mali kwetu, tofauti na walivyoona Mahanafi. Hata hivyo manfaa haya yanategemea hiari ya mwengine, na mtu harithiwi kile ambacho mwenyewe hakukimiliki. Maoni yangu, nami si mwanachuoni, ni kwamba kabla kampuni haijakubali hapana cha kugawa. Ikishakubali kuzitoa kwa ajili ya mirathi, ziingie katika tirka, kwa sababu chanzo chake ni matumizi ya marehemu na si ukarimu wa kampuni kwa mjane.

Tukapiga hesabu. Mjane thumuni, yaani moja ya nane, maili 12,000. Mama sudusi, yaani moja ya sita, maili 16,000. Zilizobaki 68,000, mtoto wa kiume 34,000 na kila binti 17,000. Kwenye karatasi mgao umetimia, lakini bi mkubwa wa Kikwajuni, ambaye hana hata anwani ya barua pepe, atakwenda wapi na maili 16,000? Kama warithi wote wangekuwa watu wazima, wangeridhiana, mmoja akachukua zote na kuwalipa wenzake kwa fedha. Binti wa mwisho hajabaleghe, na fungu la mtoto haliachwi kwa ridhaa ya watu wengine, kwa hiyo lake lazima lithaminiwe na lilipwe kamili. Thamani yenyewe nayo ina utata, maana kampuni inasema maili hazina thamani ya fedha. Nadhani kipimo cha haki ni bei ya tiketi ambayo zingeikata siku ile.

Jambo ninalotaka wenye kadi walioko ughaibuni walifikirie ni hili la wasia. Shirika kama American Airlines linataka jina la mpokeaji liwemo katika wasia, na mwanamume wa kawaida ataandika jina la mkewe. Lakini sheria yetu inasema hapana wasia kwa mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Akiandika hivyo anairidhisha kampuni na kuwaachia wanawe ugomvi. Zipo njia mbili. Ama amtaje asiyerithi, kama vile mtoto wa dada yake, ndani ya thuluthi ya mali ambayo mtu anaruhusiwa kuiusia. Ama amtaje mkewe kwa sifa ya wasii, yaani msimamizi wa wasia, kwa maneno yasiyo na shaka kwamba anazipokea maili ili thamani yake igawiwe warithi wote kwa mafungu yao, na nambari ya akaunti iandikwe hapo hapo.