Mbu Kumi na Mmoja

"Mama, huyu ndiye mdudu wako?"

Juzi magharibi Zuhura aliniingilia jikoni na jani la mwembe, kalibeba kwa mikono miwili kama anayeleta kifaranga. Jani la ule mwembe wa nyuma, ule wa kesi na jirani. Limetoka chunjua uso mzima: vinundu vigumu vya kijani, kila kimoja kama punje ya dengu, vimetokeza juu na chini.

"Mdudu wangu yupi?"

"Babu alisema. Uligundua mdudu anayekaa ndani ya majani ya miembe, ukampa na jina."

Nikainama kupalia mkaa wali uliokwisha kuiva zamani.

Babu ana miezi minane kaburini, na hadithi hiyo aliisimulia mpaka kwa muuguzi aliyekuwa akimtundikia dripu. Ninayejua ilivyokuwa nimebaki mimi, na labda Bi Hadubini, kama yu hai.

Ilikuwa 1998. Mvua za El Nino zilitung'olea barabara, lakini miembe ilizifurahia, ikatoa yale majani machanga mekundu yanayoning'inia kama nguo zilizoanikwa. Nilikuwa mwanafunzi, nimepelekwa kituo kimoja cha utafiti huku Pwani kwa mazoezi ya miezi mitatu. Kazi yenyewe haikutaka akili nyingi: chuma majani yenye vinundu, tia kwenye chupa za jemu, funika kwa kitambaa, ngoja uone kinachotoka, andika.

Nilishasoma kwamba anayetazamiwa kutoka ni usubi. Si yule wa kutuuma ufuoni; huyu hana habari na damu ya mtu. Jike hutaga kwenye jani likiwa laini, buu likajipenyeza ndani, na jani lenyewe ndilo linalomjengea chumba. Buu moja, chumba kimoja, chakula ni kuta. Yote hayo niliyajua. Ila kichwani mwangu nilikuwa nangoja mdudu wa maana, mwenye hadhi ya kuufanya mwembe mzima uonekane una tetekuwanga.

Siku za mwanzo sikuona kitu. Wiki ya pili ndipo walipotoka. Wadogo mno, lakini wa kijani kinachong'aa kama shaba iliyosuguliwa, macho mekundu, kiuno chembamba. Nilikaa nao usiku tatu chini ya taa, nikichora. Usiku wa nne nikamwandikia baba barua: nimepata mdudu asiyekuwemo vitabuni. Vitabuni maana yake kitabu kimoja, nacho kimechanika kurasa. Jina nilishampa, jina la nyanya yangu, lenye mkia wa Kilatini cha kubuni.

Barua nikaitia posta kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo.

Bi Hadubini (sisi vijana ndio tuliompa jina) alikuwa mtu mzima, buibui lake likining'inia nyuma ya mlango wa maabara, miwani ina kamba, daima ananukia iliki. Nikamwamkia, nikamwekea mezani chupa, mchoro na daftari. Ile hadubini ya mezani hakuigusa. Aliuvuta mchoro, akautazama kwa muda.

"Mashallah, mkono unao. Hebu nihesabie mbawa."

Nikainama juu ya karatasi yangu mwenyewe. Kulia ubawa mkubwa, na chini yake mwingine mdogo, nimeutia hata kivuli. Kushoto vilevile.

"Nne, Bi."

"Na usubi ana ngapi?"

Usubi ni wa ukoo wa nzi na mbu. Mbawa mbili, na nyuma yake vijiti viwili vyenye vichwa, vya kumsawazisha akiruka. Hilo nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani. Zile nne nilizichora moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wote wa dunia, na sikuzihesabu.

"Huyu ni nyigu, mwanangu. Alitagiwa humo kwa mwenzake. Kamla mwenye nyumba, kisha katokea mlangoni kama yeye ndiye mwenye nyumba."

Nikadhani yameisha. Akafungua daftari, akawa anafuatisha mistari kwa kidole na kusoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu asiyejua kusoma.

"Jumanne. Mbu wadogo sita ndani ya chupa. Nimewatoa. Alhamisi. Mbu watano. Kitambaa kina tundu? Nimewaua."

Feni ya dari ilikuwa ikilia kila ikizunguka. Akavua miwani.

"Kumi na mmoja," akasema. "Vipapasio vyao vilikuwaje?"

"Sikuwatazama, Bi."

Hakunigombeza. Alitoa slaidi ya zamani kwenye saraka, akaiweka kwenye hadubini, akanisogezea kiti. Nikaona kitu kama mbu aliyechorwa na mtu mwenye haraka: mbawa zenye mishipa michache tu, miguu mirefu isiyo na faida. Lakini vipapasio! Punje baada ya punje, tasbihi hasa, na kila punje imezungushiwa vitanzi vya uzi mwembamba kuliko unywele. Vitanzi vile, akasema, ndivyo wanavyotambuliwa akina huyu. Jamaa zao wa kale wanaokula kuvu hawana. Na wa kwenye mwembe ana jina tangu 1906, *Procontarinia matteiana*, kwa hiyo nyanya yako mwache apumzike. Kisha, kunifariji, akaniambia kwamba hata usubi wa mpunga wa Afrika alihesabiwa kuwa ni yuleyule wa Asia mpaka mwaka 1982, wataalamu wawili, Harris na Gagné, walipomtenga.

Haikunifariji.

Mazoezi yakaisha, nikapata alama za wastani, maisha yakanipeleka kwenye bima. Siku ya kurudi nyumbani nilimkuta baba stendi na wazee wenzake watatu, wanataka kumwona mdudu. Basi lilikuwa bado linanguruma, mizigo inashushwa, ungekuwa wewe ungesemaje? Nikawapa mchoro. Akautia fremu, akautundika ukumbini pembeni ya picha ya Makka. Uko palepale, na mbawa zote nne.

Kuna mwaka nilisoma kwamba Wakanada, katika utafiti wa DNA uliotoka 2016, walikadiria kuwa huenda duniani kuna aina milioni 1.8 za usubi hawa, ilhali waliokwisha kupewa majina ni elfu sita na kitu. Nikakaa nikiwafikiria wale kumi na mmoja. Najua walikuwa wa mwembe wa kawaida, wenye jina lao la 1906. Lakini nani aliwatazama?

Zuhura nilimjibu kwamba tutaona. Akalitia jani kwenye chupa ya siagi ya karanga, mimi nikaifunika kwa kipande cha shela na kukikaza kwa mpira, mara tatu.

Leo asubuhi kaniita kutoka ukumbini.

"Mama, mbu kaingia kwenye chupa. Nimtoe?"